Benchi la Fundi Kesho

Ukiacha barabara kuu ukaingia mtaa wa Kaptembwo, kabla hujafika kwa kinu cha kusaga mahindi, penye kona, kuna benchi la chuma ambalo halijawahi kukosa mtu wa kulikalia. Ni benchi zuri, la mabomba mazito, na aliyeliunga ni Thuo, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake ya mabati iko hapo hapo nyuma. Shida ni kwamba hapo hapo nyuma ni hapo hapo kabisa: benchi limekaa mbele ya mlango wa karakana, na mlango wenyewe hufunguka kuja nje. Zamani benchi lilikuwa la kuhamishwa, likifuata kivuli. Kisha watu wa vyuma chakavu wakaanza kulipitia karibu na kuliulizia afya, ndipo wenyeji wa kijiwe wakaamua, Jumapili moja baada ya ibada, kulichimbia miguu na kulimwagia saruji pale ambapo kivuli cha asubuhi ni kitamu zaidi. Thuo mwenyewe ndiye aliyekoroga saruji. Jumatatu akaja na ufunguo wake, akafungua kufuli, akavuta mlango. Ukaja upana wa kiganja, ukagonga benchi, ukakataa. Wote wakautazama. Mwenyekiti wa kijiwe akasema haraka haraka haina baraka, jambo hilo litajadiliwa. Mpaka leo linajadiliwa, na Thuo huingia kazini kwake kwa dirisha la ubavuni.

Siku hizi hutengeneza vitu vidogo tu: majiko, vigoda, vyombo vya kulishia kuku. Chochote kinachopita dirishani. Akiulizwa kwa nini hatengenezi mageti tena, husema soko limebadilika.

Asubuhi hiyo alikuja kijiweni na shati la kanisani. Wangeci, mama wa kahawa, ambaye birika lake hukaa juu ya jiko kwenye ncha ya benchi, aliliona shati hilo akaacha kupuliza makaa. Alimjua Thuo. Shati lile lilikuwa limetoka sandukuni kwa arusi mbili na mazishi matatu tu.

— Nani amekufa? aliuliza.

— Hakuna mtu amekufa, alijibu Thuo. Saa nne kuna mwanafunzi anakuja. Madam Jepkemei wa chuo cha ufundi alinipigia simu. Anasema siku hizi wanafunzi hawawezi kusoma welding kwa ubao peke yake, lazima wapelekwe kwa wenye kazi. Akaniuliza kama naweza kuchukua mmoja. Nikasema ndio.

— Ulisema ndio bila kutuuliza? alisema Spika.

Spika ni Kosgei, mwenyekiti wa kijiwe. Aliwahi kugombea udiwani akashindwa hata katika kituo alichopigia kura yeye na mke wake, na tangu siku hiyo hakuna neno linalopita kwenye benchi lile bila yeye kuliruhusu.

— Niwaulize nyinyi kwa nini? Nyinyi ni mafundi?

— Sisi ni stakeholders, alisema Spika.

Thuo aliachia hapo. Hakutaka kugombana asubuhi hiyo. Tangu kijana wake wa mwisho wa kazi, Travis, alipochoka kupitia dirishani akaenda kuendesha bodaboda, hakuna mtu aliyemwuliza swali lolote kuhusu chuma. Ufundi wake aliupata Gilgil kwa mzee mmoja aliyefundisha kwa makonzi, mzee ambaye alikuwa na hasira nyingi na mkono wa dhahabu, na Thuo hakupenda kufikiri kwamba mkono ule utaishia kwake. Hilo lilimuuma. Lakini ni jambo gumu kuwaambia watu wa kijiweni, kwa hiyo alisema tu:

— Mwanafunzi atakuja kuangalia mahali. Akipenda, atakuwa hapa kwa attachment muhula mzima. Asipopenda, Madam atamtafutia kampuni kule Industrial Area. Basi.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Redio. Hapo ndio ujue hawa wasee wa attachment wako na shida. Kama ni wazuri, mbona wanatembea wakijitafutia place?

Redio ndiye mdogo wao. Jina lake ni Kiarie na ana lori la kubeba karoti kutoka Mau, ila lori hukaa gereji na yeye hukaa benchini, na habari zote za Bonde la Ufa hupitia kwake kabla ya kutokea.

— Kiarie, alisema Wangeci, si hata wewe hutembea ukitafuta mzigo?

— Mimi natembea na lori.

— Lori iko garage.

— Basi sitembei. Mimi ni chema.

Wa tatu alikohoa. Huyo ni Ogola, anayeitwa Deputy. Alikuwa askari wa getini katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na kwa vile alivaa tai, wazazi wageni walikuwa wakimwamkia kama naibu wa mwalimu mkuu. Hakuwahi kuwasahihisha. Alipostaafu, alistaafu na cheo.

— Nikiongea kama mtu wa elimu, alisema Deputy, hii maneno ya viwanda kushikana na shule ni kitu ya maana sana. Mtoto anafaa atoke shule akiwa amejua kazi. Sio anatoka na cheti, unampatia spana, anauliza, huyu ni nani?

— Na si mpya, alidakia Spika. Hii policy waliiba kwetu. Methali iko. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa angalia: mwanafunzi anakaa shule siku mbili, ya tatu anapelekwa kiwandani, anapewa jembe. Ni hiyo hiyo! Mtu aliketi kwa ofisi akasoma kalenda ya duka, akaandika ripoti.

— Na siku ya nne? aliuliza Thuo, maana alitaka kujua kweli.

— Siku ya nne ni ya mkutano.

Wangeci aliwamiminia kahawa. Ilikuwa kahawa nyeusi ya tangawizi, ile inayokufanya umkumbuke mtu uliyemkosea. Redio alipiga funda moja, akafuta mdomo, na Thuo akajua kwamba sasa habari inakuja.

— Nyinyi mnaongea mambo ya welding, alisema Redio, na watu wa nyama choma wa Kikopey wamewaacha mbali. Kuna butchery moja pale imesaini na sekondari. Form three wote wako pale. Physics inafanyiwa kwa jiko.

— Wacha uongo, alisema Wangeci.

— Nilipita nikiwa na mzigo, nikaona na macho! Wako na uniform na aproni. Swali la kwanza kwa exam: mbavu ya mbuzi ikiwa juu ya moto, joto inaingia kwa njia gani?

— Conduction! alijibu Deputy haraka, kwa sababu aliwahi kusimama karibu na dirisha la maabara.

— Zero. Jibu ni: kwanza uliza customer kama ako na haraka.

Deputy aliinamisha kichwa kama mtu aliyefelishwa kweli.

— Na hiyo practical, aliuliza Wangeci, wakimaliza nani anakula?

— Kila candidate anakula yake. Sasa wazazi wameandamana, uniform hazifungiki. Headmaster mwenyewe ameomba arudi form three.

Thuo alitazama jua. Kivuli kilikuwa kimeanza kupungua kwenye vidole vya miguu. Alitaka kusema, jamani, saa tatu imeshapita, lakini Deputy alikuwa ameumizwa na ile sifuri na sasa alitaka kulipiza.

— Hiyo yako ni ndogo, alimwambia Redio. Form three ni wazee. Kampuni zenye akili zimeanza na baby class. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akipanga zile blocks vizuri, anaandikwa na watu wa ujenzi. Akimwaga uji, anawekwa idara ya maji. Yule wa kusema, teacher, huyu amenifinya, teacher, yule amekula rubber, huyo anaenda upelelezi.

— Na yule hulia tu mama yake akiondoka?

— Huyo ni customer care.

— Mko nyuma, alisema Spika, na akainua mkono kama anayesimamisha Bunge. Mko nyuma sana. Hiyo ya baby class imepitwa. Sasa wanaenda maternity. Kampuni zimepanga laini nje ya mlango. Daktari anatoa mtoto, wanamsikiliza. Akilia kwa sauti ndefu, watu wa mabasi wanamchukua, makanga huyo. Akishika kidole cha nurse akatae kuachilia, benki. Na akilala tu, security.

— Security hatulali! aliruka Deputy.

— Nimesema mtoto, Deputy.

— Hata akiwa mtoto!

— Na mapacha? aliuliza Redio.

— Mapacha ni tender.

Hapo Thuo alishindwa kuvumilia.

— Nyinyi watu! Saa nne inafika. Huyo mwanafunzi akikuja ataona nini? Ataona wazee watatu na birika. Mimi nataka mtoto wa watu akae. Mnisaidie ama mnyamaze.

Haikuwa kawaida ya Thuo kupandisha sauti, na chini ya ule ukali walisikia kitu kingine ambacho kiliwafanya watazame vikombe vyao. Wangeci alimwongezea kahawa bila kuulizwa.

— Madam alisema anatafuta nini hasa? aliuliza Spika, kwa upole sasa.

— Industry partner. Hivyo ndivyo alisema.

— Basi umepata! Industry ni nini? Ni watu wengi, mahali pamoja, kwa muda mrefu. Hapo nani atatushinda?

Hakuna aliyeweza kulipinga hilo. Na kwa kuwa watu wa kijiweni, pamoja na makosa yao yote, humpenda mwenzao, walianza papo hapo kumjengea Thuo kampuni. Iliitwa Kona Works Limited. Spika alikubali kuwa mkurugenzi baada ya kupendekeza jina lake mwenyewe na kujiunga mkono. Deputy alipewa ulinzi na elimu, vyote viwili. Redio alipewa mawasiliano.

— Na mimi? aliuliza Wangeci.

— Wewe ni canteen.

— Mimi tayari ni canteen. Mimi ndiye peke yangu hapa niko kazini.

— Sasa umethibitishwa, alisema Spika.

— Na mimi? aliuliza Thuo.

Walitazamana. Vyeo vilikuwa vimeisha.

— Wewe, alisema Spika baada ya kufikiri sana, uko attachment.

— Kwa karakana yangu?

— Ukifanya vizuri tutakufikiria.

Wakaingia kwenye mambo ya usalama, kwa sababu Deputy alisema watu wa vyuo huuliza hayo kabla ya salamu. Alitaka kujua kama kuna mtungi wa kuzimia moto.

— Dawa ya moto ni moto, alisema Spika. Andika hiyo.

— Na safety boots?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hivyo akisikia la mkuu, guu iko sawa. Boots za nini?

— Na mlango? alisema Thuo.

Alisema polepole, akitazama chini penye saruji. Kila mtu alisikia. Upepo wa kutoka ziwani, kule kwa flamingo, ulipita na vumbi lake, ukapiga mabati ya karakana, na mlango ule uliofungwa ukatikisika kidogo nyuma ya migongo yao.

— Hiyo iko kwa agenda, alisema Spika. Penye nia pana njia, na kwetu njia ni dirisha. Usiwe mtu wa kulalamika, Fundi. Wewe umejiunga na kampuni juzi.

Ni wakati huo ambapo msichana mmoja alitokea upande wa kinu. Alikuwa na koti la bluu la kazi, viatu vizito, na miwani ya kazi ikining'inia shingoni. Alitembea akisoma vibao vya maduka, na alipoliona benchi akasimama.

— Hamjambo wazee? Sasa mathe? Natafuta kwa Fundi Thuo.

Thuo alitaka kusimama lakini Spika alimkandamiza goti.

— Karibu Kona Works Limited, alisema Spika. Mimi ndiye Director. Keti hapa. Canteen, leta kahawa.

Msichana aliketi kwenye benchi. Thuo aliona jinsi alivyopitisha kidole chini ya bomba kabla ya kuketi, pale penye maungio, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

— Unaitwa nani, na unatoka wapi?

— Naitwa Chelangat. Kwetu ni Olenguruone. Niko mwaka wa pili.

— Chamgei! alimwamkia Spika kwa lugha ya kwao wawili, uso ukimng'aa. Basi umepita. Umeajiriwa.

— Spika, alisema Deputy, hapa hakuna ukabila. Hapa kuna interview. Binti, swali la kwanza. Unaweza kukaa?

— Kukaa aje?

— Kukaa tu. Kwa muda.

— Sisi hufanya kazi tukiwa tumesimama, alisema Chelangat.

Wajumbe wa bodi walitazamana. Redio alimwinamia Deputy akanong'ona kwamba hiyo ni curriculum mpya.

— Mimi ni Public Relations, akaendelea Redio kwa sauti. Nikutambulishe kwa staff. Huyu mwenye shati nyeupe ndiye Fundi Kesho. Tunamuita hivyo sababu ukikuja kuulizia kitu yako, anakuambia kuja kesho. Ukikuja kesho, kuja kesho. Kuna mama ameulizia jiko hadi akahamia gas.

Thuo alitamani ardhi ipasuke, ila ilikuwa na saruji. Lakini Chelangat hakucheka. Alimgeukia.

— Wewe ndiye fundi?

— Mimi ndiye, alisema Thuo. Hawa ni marafiki zangu. Hakuna kampuni.

— Sitaki kampuni, alisema Chelangat. Muhula uliopita nilipelekwa kwa kampuni kubwa, sitaitaja. Nilipika chai. Nilijua kila mtu huweka sukari ngapi. Welding niliyoona ni ya picha kwa ukuta. Supervisor akanijazia fomu kwamba nimefanya excellent, na kusema ukweli ile chai ilikuwa excellent. Lakini nikimaliza chuo, mtu akiniletea bomba mbili akaniambia ziunge, nitaziunga na nini? Na notes?

Alikuwa amekasirika. Thuo alimwonea huruma, na pia alifurahi, na aliona haya kwa kufurahi.

— Madam alisema wewe uko hapa kwa kona, kazi yako ni ya mkono, alimalizia Chelangat. Naweza kuona karakana?

Wazee walisogeleana, wakaufunika mlango kwa migongo.

— Karakana, mwanangu, alianza Spika, kwanza iko kwa akili.

— Iko hapa nyuma, alisema Thuo.

Chelangat aligeuka, akaona mlango. Akatazama bawaba. Akatazama benchi.

— Basi tuhamishe benchi kidogo.

— Haihamishiki, alisema Redio. Tuliweka cement wezi wasiibebe.

Chelangat aliinama akaangalia miguu ya benchi ilivyomezwa na saruji. Hapo angecheka, Thuo angepona. Hakucheka. Aliinuka akauliza kwa adabu:

— Na mnaingianga aje?

— Kwa dirisha, alijibu Thuo, sauti ikiwa chini kabisa.

Msichana alizunguka ubavuni. Wakasikia viatu vyake vikipanda kwenye tofali. Spika alifungua mdomo kutoa methali, hakupata inayofaa, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

— Aki ya nani! sauti ya Chelangat ikatoka ndani ya mabati. Hii geti ni ya nani?

— Geti gani? alisema Spika.

— Geti gani? alisema Deputy.

Hata Redio hakuwa na habari. Walinyanyuka wote watatu, wakazunguka na vikombe mkononi, wakapanga vichwa vyao dirishani kando ya cha Chelangat. Ndani, nyuma ya majiko na vyombo vya kuku, lilikuwa limesimama geti la milango miwili, refu kuliko mtu, na juu yake flamingo walikuwa wamepangwa kutoka pembe hii hadi ile. Kila mmoja alikunja mguu wake, na hakuna shingo iliyopinda sawa na nyingine. Mmoja alikuwa amegeuka nyuma akijikuna. Wote walikuwa wameungwa kwa vipande vya nondo, vile ambavyo fundi mwingine huvitupa.

— Fundi, alisema Deputy, nimekaa kwa geti miaka yote hiyo. Sijawahi kuona geti.

— Ni ya nani? Chelangat aliuliza tena, akimtazama Thuo ambaye alikuwa amebaki nyuma, mikono mifukoni.

— Si ya mtu, alisema Thuo. Ni ya mkono. Ili mkono usisahau kazi.

Wangeci, aliyekuwa amewafuata na birika, aliinua leso akajifuta jicho akisema ni moshi, ingawa jiko lilikuwa kule mbele.

Chelangat alitoa kichwa dirishani. Alikuwa na kutu kwenye paji la uso. Alipima dirisha kwa mikono yake, akalitazama geti, akalipima dirisha tena. Kisha akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza:

— Na itatoka aje?

Deputy alimtazama Spika. Spika alikitazama kikombe. Redio, aliyejua mitihani ya Kikopey hadi majibu, alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena upepo ukaingia. Watu waliojua mtoto wa siku moja ataajiriwa na nani hawakujua geti litatoka wapi. Spika alinyoosha kikombe aongezewe, apate muda. Wangeci aliinamisha birika, likadondosha tone moja, likaacha.

— Imeisha, alisema.

Thuo alisimama pale akiwatazama. Kwanza aliona haya, kama alivyokuwa ameona haya asubuhi nzima. Kisha haya ikaisha, kama kahawa, na kilichobaki kilikuwa chepesi hata akashangaa. Swali lile alikuwa amelizunguka tangu ile Jumatatu ya ufunguo, akitengeneza jiko baada ya jiko ili asiliulize, na sasa lilikuwa limetoka kwenye kinywa cha mtoto mwenye kutu usoni, na dunia haikuwa imeanguka.

— Umewahi kushika grinder? alimwuliza.

— Nimeandika notes zake kurasa nyingi. Sijashika.

— Leo utashika.

Alipanda dirishani na shati lake la kanisani. Mfuko ukashikwa na bati, ukachanika, wala hakugeuka kuutazama. Alitoa waya wa umeme, akatoa ile grinder, mashine ya kukatia chuma, akatoa glovu mbili ambazo hazikufanana. Chelangat alivipokea kimoja kimoja. Kisha alichukua simu yake.

— Hello Madam? Usinitafutie kule kwingine, nimepata... Ndio, ni mzuri... Hapana, naanza leo... Kazi gani?

Alitazama upande wa mlango.

— Kutoa benchi, Madam.

— Fundi! alipiga kelele Spika, akikimbia kuzunguka ubavu wa karakana. Hii benchi ni ya wananchi! Lazima kuwe na public participation!

Alifika, akaketi katikati, akashika bomba kwa mikono miwili. Deputy akaketi kulia kwake kwa sababu ya ulinzi. Redio akaketi kushoto kwa sababu hakutaka kuachwa. Thuo alikuja akasimama mbele yao na waya begani. Hakuwa na hasira nao. Aliwapenda. Kwa kelele zao walikuwa wamemfichia ukimya wa karakana, kila asubuhi, na bila wao angekuwa ameketi pale peke yake.

— Spika, alisema. Simama.

Spika alimtazama usoni. Aliona nini pale hatujui, lakini aliachilia bomba moja, kisha la pili, akasimama. Alipokuwa wima alijikung'uta suruali, akasema kwa sauti ya kumbukumbu rasmi:

— Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Na hiyo ndiyo methali pekee aliyoipatia siku hiyo.

Thuo alichuchumaa penye mguu wa kwanza. Chelangat akachuchumaa karibu naye. Thuo alimwonyesha pa kukatia, juu kidogo ya saruji.

— Mikono miwili. Usisukume, wacha ikule yenyewe. Cheche uzielekeze mahali hakuna mtu.

Alipitisha mikono yake nyuma ya mikono ya msichana, akaisogeza kidogo, akaiachilia. Miaka mingi mtu hakuwa amechuchumaa karibu naye hivyo akisikiliza. Aligeuza uso upande wa kinu, kwa muda.

Wazee walikuwa wamesimama barabarani na vikombe vitupu. Jua liliwapiga utosini. Hawakujua wafanye nini na miguu yao.

— Na sisi? alisema Deputy kwa unyonge. Sisi tutakaa wapi?

Chelangat aliinua kichwa. Alimtazama Thuo, na Thuo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alikuwa anacheka.

— Kujeni kesho, alisema msichana, akavuta miwani machoni.